Masharti

Hakimu alitamka neno moja, "strict",
fupi, kama mlango wa friji ukijifunga,
nami niliyeapa kutoongeza wala kupunguza
nikasema: masharti makali.

Hull, Novemba. Mahakama ya ghorofa ya pili,
redieta inakohoa ukutani.
Kibwana Shee, miaka ishirini na miwili,
mpakiaji samaki wa barafu,
mvunja kioo cha kinyozi usiku wa Ijumaa,
akaniinamia: "Makali kama nini, dada?"

Swali halali. Kwetu kali ni wembe,
ni pilipili iliyosahauliwa kidoleni
hadi mtu ajifikiche jicho;
ni mbwa wa getini, jua la saa saba,
chai iliyozidi majani,
ni shangazi Mwanamvua akikohoa mara moja tu
nyumba nzima ikanyamaza.
Siku hizi hata kiatu kipya:
"Mwanangu, hiyo kali!"

"Amesema nini?" hakimu akauliza.
Kiapo ni kiapo. Nikatafsiri.
Bi. Ackroyd akavua miwani,
akalitafuta jibu darini, hakuliona,
akasema: "Awe nyumbani kila jioni saa saba.
Asikanyage Barabara ya Anlaby.
Dakika moja ni dakika moja."
Nikasema saa moja.
Nilipunguza sita mbele ya sheria
na sote wawili tulikuwa wakweli.

Mchana, sandwichi ya yai mkononi,
nikafungua kamusi nene ya maktaba.
Kumbe neno lile asili yake Kilatini:
kamba iliyovutwa
hadi pasibaki nafasi.
Ukali wao hubana.
Wetu hukata.
Nikaifuta mayonezi kwenye ukurasa, nikairudisha rafuni.

Saa tisa, chumba cha chini,
akaja fundi wa kampuni, kijana wa chunusi,
akapiga goti kama muuza viatu,
akamfunga Kibwana bangili ya plastiki
juu ya kifundo cha mguu,
akapenyeza kidole chake
kati ya mkanda na ngozi.
"Kidole kimoja," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa."
Nikatafsiri.

Kibwana akautikisa mguu,
akausikiliza.
"Haikati," akasema.
Hakuna aliyeniuliza amesema nini.

Nje saa kumi, kiza kimeshaingia.
Akaondoka mbiombio, mkono mfukoni,
na saa moja bado iko mbali.