Pasi

Habari ilitoka saa nne usiku, mwezi wa Julai,
Kaunas bado ina mwanga wa kusomea gazeti.
Mstari mmoja tu, na picha: Grinkus ameshika kalamu,
nyuma yake ukuta mweupe wa klabu ya Vilnius.
Miaka tisa alikuwa anafunga.
Sasa amefunga virago.

Asubuhi nikakuta foleni mlangoni.
Duka langu ni chumba kimoja na mashine mbili,
kazi yangu kubandika majina migongoni mwa watu.
Siku hiyo waliniomba kubandua.

Wa kwanza Rimgaudas, muoka mikate, unga ungali kwenye nyusi.
Hakusalimu. Aliitupa jezi mezani kama samaki aliyeoza.
"Toa herufi zote. Na namba.
Simbebi msaliti mgongoni."
Nikawasha pasi.

Kwa pasi zake tulichukua kombe mara mbili,
ile ya kisogoni, bila kutazama, hata kamera ilidanganyika;
na kwa pasi yangu sasa namfuta,
G, kisha R, kisha I,
gundi ikinuka kama nywele zilizoungua.

Mwalimu wa fizikia alikuja na hesabu.
Akaandika nyuma ya risiti mshahara wa zamani,
mshahara mpya, tofauti,
akapiga mstari chini mara mbili.
"Wewe ungekataa?"
Watu wakaangalia viatu vyao.
Kisha kijana mmoja: "Angeenda Athens, ningenyamaza.
Angeenda Istanbul, ningembebea mabegi hadi uwanja wa ndege.
Lakini Vilnius? Saa moja kwa treni?
Mke akikuacha, heri aende mbali,
si nyumba ya pili, ukawa unamsikia akicheka ukutani."
Foleni nzima ikacheka,
kicheko cha mdomoni, hakikufika machoni.

Mto Neris unatoka kwao kuja kwetu,
siku zote, hata chini ya barafu;
unapita Vilnius kwanza, ndipo uje
kumwaga kila kitu ndani ya Nemunas.
Grinkus ndiye wa kwanza niliyemwona akiupanda.

Na mimi nilikuwa na hasira, sisemi uongo.
Nilipandisha bei ya kubandua, senti hamsini.
Kufika adhuhuri nikaona haya, nikaishusha.

Saa nane akaja Ugnė, mtoto begani,
jezi yenyewe si kubwa kuliko leso.
Nikaitandaza, nikatoa jina, nikaishika namba.
"Subiri," akasema. "Huyu anaitwa Skirmantas.
Alizaliwa usiku wa fainali, kwenye dakika za nyongeza.
Wauguzi walipiga kelele, mpaka leo sijui
ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya kikapu.
Hilo la mgongoni umelitoa.
La kwenye cheti utalitoa kwa pasi gani?"

Sikuwa na jibu.
Nilimwita tu yule mtoto, "Skirmantas,"
akageuka, mate kidevuni,
akanitazama kama mtu asiyedaiwa na yeyote.

Kuna jambo wasioifanya kazi hii hawalijui.
Herufi hutoka, jina halitoki.
Kitambaa kilichofunikwa miaka yote hiyo hakikuona jua,
kinabaki na kijani chake cha dukani, kibichi,
huku pembeni kote kumepauka.
Jioni jezi thelathini na nne zilining'inia ukutani,
kila moja ina GRINKUS asiyekuwepo,
anasomeka vizuri kuliko jana.

Rimgaudas alirudi kuchukua yake. Akaiinua dirishani.
"Bado yupo."
"Yupo," nikasema.
Akalipa, akasimama kidogo.
Halafu akaivaa, joto lile lile, juu ya shati la kazi,
akaenda kukanda mikate ya kesho.