Dakika Thelathini na Tano Hadi Jana

Kutoka Fagali'i hadi Pago Pago
ni kilomita mia na ishirini na ushei,
dakika thelathini na tano angani
na siku moja nzima kinyumenyume.
Karani alinisomea kama anayesoma bei ya sukari:
"Unaondoka Jumanne saa nne,
unafika Jumatatu saa tano kasoro."
Nikamwambia najua, nimezaliwa hapa.
Akasema, "Panda mizani."

Ndege ndogo hupima watu kama magunia.
Nikapanda na mkeka wa mkadi kifuani,
ule aliousuka mama Pelenatete miaka mitatu,
laini, ukiukunja haulalamiki.
Mshale ukatetemeka, ukatulia.
Karani akaandika uzito wangu na wa mkeka pamoja,
hakuuliza kipi ni kipi.

Mama alikata roho alfajiri ya leo,
saa kumi na moja, jogoo wa jirani akiwa hajaamua.
Alikuwa ameagiza: Ierome asiambiwe kwa simu.
"Yule akipata habari amesimama, huanguka.
Nenda ukamkalishe kwanza."

Basi nakwenda kumkalisha.

Mbele yangu kaketi mtoto na boksi la keki.
Jana ametimiza miaka sita,
anakwenda kwa bibi yake kuitimiza tena.
Mimi nimefumba macho, nangoja mpaka.
Juu ya maji hapana kigingi wala uzi;
nilitega sikio Jumanne ikatike
nikasikia chupa ya mtu ikibonyea,
basi.

Jumatatu, saa kama hii, mama alikula papai.
Vipande vitatu.
Akanikaripia kwamba namenya nene,
kwamba nusu ya tunda nawapa nguruwe.

Afisa wa uhamiaji akafungua barua ya mchungaji.
"Hii ni ya kesho," akasema,
kisha akaisoma mpaka chini
na kofia yake ikashuka mezani taratibu.
Mhuri ukagonga: Jumatatu.
Nikatoka nje nimeushika ule ukurasa wazi, wino usije ukachafuka.
Kwa mujibu wa serikali ya hapa
mama yangu ana siku nzima,
na papai liko kwenye sahani.

Ierome nilimkuta nyuma ya kiwanda cha jodari,
buti nyeupe, aproni, mikono inanuka chuma na bahari.
Nikasema, "Kaa."
Akautazama mkeka.
Akakaa juu ya kreti kabla sijarudia.

"Lini?"

"Kesho," nikasema.

Ilinitoka hivyo. Sikuwa na neno jingine la kweli.

Hakulia. Alihesabu,
kidole gumba kikipita juu ya vidole vingine,
kama tulivyofundishwa shuleni kuhesabu tofauti yetu na wao:
hapa leo, kwetu kesho, saa zile zile.
"Kesho alfajiri," akasema.
"Basi bado."

King'ora cha zamu kikalia, hakuinuka.
Alifuta mikono, kila kidole peke yake,
akatoa simu, akabonyeza namba ya nyumbani.
Nilinyoosha mkono kumzuia
nikaurudisha.

Ikaita huko, ndani ya Jumanne,
ikaita sana,
na aliyepokea alikuwa shangazi,
na nyuma ya sauti yake
viti vilikuwa vikiburutwa.