Pale Palipoandikwa "Makao"

Fomu yauliza makao. Naigeuza kalamu.
Niandike kibaraza cha duka la aiskrimu
lililofungwa tangu Mtaliano arudi kwao?
Niandike katoni mbili, na mvua ikinyesha, tatu?
Nikaandika: Maweni, kwa Dama muuza viazi karai.
Ndipo Mwarandu akapata nyumba, kwa wino.

Kitambulisho alikuwa nacho, asema,
akakizika nyuma ya soko ili kiote kingine.
Tulichimba. Tukapata kijiko.

Chifu akataka barua ya mzee wa mtaa.
Mzee wa mtaa: "Huyu simjui."
Naye kila alfajiri humruka
aendapo kuswali.

Vidole vyake, kwa kuparuza kuta,
vimekuwa laini, mashine haivioni.
Karani akavisugua kwa limau, akafuta, akajaribu tena,
hata gumba la kushoto likakubali kuwa la mtu.

Siku ya daktari nilikosea kwa mapenzi.
Nilimchotea ndoo tatu, nikamnyoa,
nikamvika shati la marehemu mume wangu
likiwa bado na mikunjo ya sandukuni.
Akaingia kama aliyetumwa posa.
"Leo ni siku gani?"
"Alhamisi. Na samahani, dokta, kalamu yako inavuja."
Saba mara nane aliijua.
Daktari akanitazama mimi:
"Mgonjwa ni yupi?"

Usiku ule alilivua shati akalichoma,
maana vifungo vilikuwa vinamsikiliza.
Nikachakura majivu. Kimoja kilibaki.

Mara ya pili sikumwosha.
Mungu anisamehe hilo.
Wiki mbili nilimwacha na ukoko wake,
nikampitisha sokoni saa sita mchana,
watoto nyuma wakipiga madebe,
nami mbele, kichwa chini, napeleka ushahidi.
Kwa daktari nikakiweka kifungo mezani,
nikasimulia.
Hakucheka. Aliandika ukurasa mzima,
akauvuvia muhuri pumzi, akaugonga.

Kadi imekuja. Pichani jicho moja limefumba.
Aivaa shingoni kwa uzi wa katani.
"Ulemavu: wa akili," akanisomea polepole,
kisha akaniangalia kwa huruma:
"Na yako, Dama, iko wapi?"

Pesa? Jina limo, wasema ofisini,
ila mtandao umelala, njooni mwezi ujao.
Mwarandu, aliyebeba sinia za Wataliano miaka kumi na mmoja,
akamwinamia karani, mkono kifuani:
"Domani, sinyora."
Karani akaangua kicheko. Naye akacheka.
Mimi nalijua neno lile lilikotoka:
ndilo aliloambiwa langoni
siku hoteli ilipofungwa na mishahara yao ndani.

Tukarudi kwa miguu, jua limetukalia utosini.
Nikawasha jiko.
Namtilia viazi vitatu, ukwaju kando,
maana hapendi vishikane.