Buti la Kushoto

Saa kumi na moja alfajiri, nyuma ya tuta la kijiji chetu,
bahari imekwenda zake.
Imeacha mlango wazi, kama mtu aliyetoka mara moja
kuazima chumvi kwa jirani.
Tunashuka katikati ya kondoo. Hawashtuki, wanatafuna tu.
Tjitske yuko mbele na fimbo yake ndefu,
mimi nyuma, na kati yetu Wiebren, mtoto wa dada yangu,
aliyekuja kwa sababu simu yake imeharibika.

Huku Frisia hatuna mlima wa kupanda.
Tuna sakafu ya bahari, mara mbili kwa siku,
kwa saa chache zisizobembelezeka.
Tjitske ameziandika kiganjani kwa wino wa buluu:
kupwa, kujaa. Hakuna neno la tatu.

Sikuja kusali. Hilo nililisema tangu getini.
Kanisa letu liliuzwa; sasa wanatengeneza baiskeli ndani yake,
na pale nilipobatizwa pamesimama pampu.
Siku nilipoiona sikulia.
Nilijaza upepo gurudumu la nyuma, nikalipa, nikaondoka.

Kwanza ni mchanga mgumu, wenye matuta membamba
kama kaakaa la mnyama aliyepanua kinywa.
Kisha maji ya kifundoni, baridi yake inafika kwenye meno.
Kisha tope, lile jeusi,
linalonuka mayai na mwanzo wa dunia.
Vitwitwi wanatawanyika mbele yetu
kama sarafu zilizomponyoka mtu.
Kila hatua mbili kuna kichuguu kilichosokotwa kama tambi:
mnyoo amemeza mchanga, ameula uhai wake, ameurudisha safi.
"Ufuo wote huu," asema Tjitske, "umeshapita tumboni mwao,
tena si mara moja."
"Basi tunakanyaga kazi ya mtu," Wiebren akasema,
na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatazama anapoweka mguu.

Hapo ndipo buti langu la kushoto lilipokwama.
Nikavuta. Tope likavuta.
Lina nguvu za mtu asiye na haraka.
"Usishindane nalo, Hiltje. Piga magoti, ugawe uzito."
Mimi? Mara ya mwisho kupiga magoti
ilikuwa kando ya kitanda cha Douwe, namvalisha soksi,
naye bado alikuwa ananitania juu ya mikono yangu ya barafu.

Nikapiga magoti.

Na kwa kimo hicho, kimo cha mtoto au cha mbwa,
tope halikuwa jeusi tena.
Juu yake palikuwa na utando wa maji, mwembamba kuliko kucha,
na mbingu nzima imelala humo bila kukunjwa.
Kaa mdogo kama kifungo cha shati
alilivuka wingu, akasita, akaendelea.
Tena palikuwa na sauti. Mchakacho mdogo, kila mahali,
wa viumbe nisioweza kuwaona wakifungua milango yao,
kama mama yangu akifungua peremende
taratibu, taratibu, katikati ya mahubiri,
akidhani hakuna anayesikia.

Nilingoja maneno. Yale ya zamani hayakuja.
Likaja moja tu, nami nikalitamka kwa sauti:
"Haya."
Sijui nilikuwa namjibu nani.

Buti likatoka kwa mlio wa aibu.
Wiebren akacheka mpaka akakaa kwenye maji,
Tjitske akatazama kiganja chake, tukageuka.
Bahari ilikuwa inarudi bila kelele, kwa njia za pembeni,
ikijaza kwanza mashimo mawili ya magoti yangu.

Juu ya tuta, kondoo walikuwa palepale.
Mvulana akakamua soksi zake, akauliza kesho maji yanakupwa lini,
akijifanya anauliza tu.
Dakika hamsini baadaye kuliko leo, nikamwambia.
Na uvae buti zinazokubana.