Punguza Tena

Mchagua jembe si mkulima,
lakini Godelieve alichagua tangu saa kumi na moja alfajiri.
Mimi nilitaka matairi magumu, yenye meno marefu.
Yeye akalibonyeza la mbele kwa kidole gumba
kama mtu apimaye parachichi:
"Punguza. Bado. Punguza tena."
Tsss.
Nikaapa litapasuka mzunguko wa pili.

Breki zake za waya, kuukuu.
Mkanda wa usukani, rangi ya haradali, aliuviringa mwenyewe;
ulimwishia njiani, akamalizia kwa utepe wa fundi umeme.

Desemba, Flandria, shamba la viazisukari la akina Verhelst,
mvua siku tatu.
Wanawake arobaini waliingia topeni kwa kishindo kimoja.
Penye mbao akaruka chini, baiskeli begani,
akakwea ukingo kwa magoti,
akateleza, akarudi alikotoka kwa makalio,
na watu wenye vikombe vya supu wakampigia kengele za ng'ombe
kama bibi harusi.

Mzunguko wa tatu alinitupia baiskeli,
nzito kama ndama aliyelowa.
Nikampa ya akiba, yenye matairi yangu.
Nusu mzunguko tu, huyo karudi:
"Nipe ile yangu!"
Nilikuwa sijafika hata nusu kuiosha.

Akamaliza wa thelathini na nne.
Usoni palipobaki safi ni meno tu,
nayo yote yalikuwa nje.
Pumzi ya kusema hana;
akakishika kidole changu gumba
akakikandamiza kwenye tairi.

Laini.
Bado zima.