Daftari la Kaunti ya Varnell

Ukurasa wa kwanza una mnyororo.
Mpima ardhi aliuburuta majanini siku arobaini,
akaikata nchi miraba miraba kama kashata kwenye sinia,
akaandika: hapana mtu.
Hapana mtu! Na majivu ya meko ya Wapawnee
yalikuwa bado vuguvugu chini ya soli zake.
Mto Sorrel peke yake ulimgomea;
hadi leo unaikata ramani mshazari,
kama mlevi arudiye kwake.

Verlene Koblitz, karani, mwaka wa thelathini na moja kitini,
anazijua kurasa kwa harufu.
Ule wa arobaini na mbili unanuka tope:
usiku watu wa Amity walipokuja na magari ya farasi
kuiba makao makuu kutoka Dunmore,
sefu, madaftari, muhuri, hata kengele ya mahakama,
na gari la mbele likazama kivukoni.
Siku tatu kaunti haikuwa na makao
ila sefu ya chuma katikati ya mto,
na hakimu aliyeikalia, bunduki mapajani, akila tufaha.

Kisha reli. Kisha ngano.
Wacheki, Waswidi, Wajerumani waliotoka Volga
na mbegu wamezishonea kwenye pindo za nguo.
Karani wa enzi hizo aliandika majina alivyoyasikia;
wajukuu wamerithi makosa yake pamoja na eka.

Miaka ya vumbi mwandiko unakimbia:
mnada, mnada, mnada,
na pembeni mtu amechora ng'ombe, mbavu zote zikihesabika.

Baadaye visima. Mabomba yakazunguka mashamba kama akrabu,
miraba ikazaa miduara ya kijani,
rubani akiwa juu akadhani kuna karamu, sahani zimepangwa.
Maji yalikuwa futi themanini kwenda chini.
Sasa mia mbili na kumi.
Daftari lina safu ya eka, ya bei, ya tarehe.
Ya maji halina.

Mali bila daftari huisha bila habari, ndivyo tusemavyo sisi.
Varnell ina daftari,
na mali inaisha na habari zake zote,
kwa wino, mbele ya mashahidi wawili.

Leo alasiri ameingia Rolland, mdogo wake,
kofia mkononi, theluji mabegani,
na hati ya kampuni fulani ya Omaha.
Robo ya kaskazini-mashariki, fungu la kumi na tisa:
shamba la baba yao.
Hawakutazamana.
"Ada ni dola kumi," alisema Verlene.
Rolland akatoa ishirini. Akarudishiwa chenji.

Muhuri uligonga mara moja.
Mlango ulipofungwa, Verlene alichukua kalamu,
na kwenye pambizo, pale sheria isiporuhusu neno,
akaandika kwa herufi ndogo:
kisima cha nyuma ya jiko, maji matamu;
pampu sharti uipige teke.