Nusu Kilo

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Kiboriloni, Moshi.
Chini, Mama Haikasia anafunga duka lake la mbegu,
mlango wa bati unaburuzwa, na mimi huku juu
bado nakitazama kimshale cha skrini kinavyopepesa
baada ya maneno matatu: Ndugu watumiaji wa

Pishi. Programu yetu ya kupimia kahawa,
isiyouzwa, isiyo na mwenyewe, msimbo wake u wazi
kama kiganja. Vyama vya msingi kumi na vinne
vinaandika humo gunia la nani lina kilo ngapi.
Toleo la tatu niliahidi Juni. Leo Julai kumi na tisa.
Kahawa haijui ahadi: imeiva,
mashine za kumenyea zinaunguruma Kibosho mpaka Mwika.

Nikaandika: Kazi inaendelea vizuri.
Nikafuta. Kuendelea inaendelea, ila hilo neno vizuri
limetumwa dukani, halijarudi.

Nikajaribu ubeti, labda utapunguza makali:

    Toleo letu la tatu, lipo njiani lafika,
    Subirini ndugu zetu, mambo yote yanyooka,
    Mikononi mwa wenzetu, kila tundu lazibika,
    Tulieni mashambani, Pishi mpya yawajia.

Nikahesabu: nane kwa nane, vina vimekaa.
Nikausoma kwa sauti, nikaona aibu.
Mizani ya ubeti imesimama wima;
ile ya Prosista, karani wa Uru, bado inapunja.

Maana kasoro yenyewe ni hii:
mtu akileta kilo kumi na saba na nusu,
umeme ukikatika kabla risiti haijatoka,
Pishi ikiwaka tena inakumbuka kumi na saba.
Ndunguru wa Mbinga ameipekua usiku kucha.
Rwegoshora wa Karagwe Jumatano alinipigia akicheka,
nimeikamata, nimeikamata.
Alhamisi ikarudi.
Nusu kilo. Kwako wewe ni ya kumwagika tu sakafuni.
Kwa aliyeteremka nayo kichwani tangu ukingo wa msitu
ni daftari mbili za mjukuu, na chumvi.

Mei nilikaa kimya wiki tatu, nikingoja niwe na la maana.
Hakuna aliyenitukana. Waliacha tu kuuliza.
Prosista akafungua kabati, akatoa daftari la zamani,
jalada la kijani, akaanza upya kwa peni.
Kumbe kimya nacho ni taarifa,
na hiyo haihitaji mtandao kufika.

Basi hivi, bila vina:

Ndugu watumiaji wa Pishi. Toleo la tatu halijatoka.
Kati ya kazi thelathini na moja, ishirini na tisa zimekwisha.
Ya thelathini ni tafsiri, anayo Ndunguru, haimzuii mtu.
Ya mwisho inakula nusu kilo umeme ukikatika.
Chanzo chake hatujakijua. Tarehe sina.
Ijumaa ijayo nitaandika tena,
hata kama habari itakuwa hakuna habari.
Bakini na toleo la pili. Daftari msilitupe.

Dirishani mlima umejifunika tangu asubuhi.
Ningeweza kusema jambo hapo, juu ya kitu
kisichoonekana na bado kipo. Sisemi.
Mlima hauna watumiaji.

Nikatuma, na hapo hapo umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukasema aaah.
Nikabaki gizani sijui kama imekwenda yote
au imekwenda pungufu.

Saa moja na robo simu ikatikisika mezani. Prosista:
Imefika. Nimejumlisha, ishirini na tisa na mbili,
thelathini na moja. Sawa.
Tumepokea magunia sita leo. Umeme hakuna.
Nimeandika kwa peni.